Pampu Nzima ya Albion

Zebedayo Mchome alipata leseni ya kuendesha malori mjini Moshi tarehe 11 Agosti 1959, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne. Kabla ya hapo alikuwa mpakiaji katika shamba la mkonge tambarareni, nje kidogo ya Same, na lori alilofanyia mtihani ndilo lile lile alilokuwa akilipakia: Albion Chieftain kutoka Uskoti, lenye uso mpana na nembo ya jua linalochomoza juu ya rejeta. Mwenye shamba, Mgiriki asiyependa maneno mengi, alimkabidhi ufunguo siku iliyofuata na kumwambia jambo moja tu, kwamba lori hilo lilikuwa na umri mdogo kuliko viatu vyake na yeye alitarajia lidumu kuliko viatu hivyo.

Lilidumu. Siku ya Uhuru Zebedayo alilijaza wafanyakazi wa shamba, wengine wamekaa juu ya kebini na matawi mikononi, akawapeleka Same na kuwarudisha bila hata mmoja kuanguka. Azimio la Arusha lilipokuja, shamba likawa la umma, Mgiriki akaondoka na masanduku yake, lori likabaki. Meneja wa kwanza Mwafrika naye aliendelea kulitumia mpaka shamba lilipopewa Fiat mbili mpya. Hapo Albion likasukumwa chini ya banda la mabati, nyuma ya yadi, karibu na reli, na Zebedayo akapewa Fiat.

Fiat alikuwa akiiendesha kwa mshahara. Albion alikuwa akilitembelea.

Mtu wa kwanza kugundua hilo alikuwa Iddi, fundi wa yadi, mwenyeji wa Kigoma aliyeletwa Same kama manamba na kuujua ufundi kwa kushika taa wakati wenzake wakifungua injini. Alimkuta Zebedayo Jumapili moja akifuta vumbi kwenye ile nembo ya jua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Zebedayo ni Msabato, mtoto wa Suji, milimani. Siku yake ya ibada ni Jumamosi, na Jumapili, wakati yadi imefungwa na watu wako kanisani, hana la kufanya. Iddi ni Mwislamu, naye Jumapili hana la kufanya. Aliokota kitambaa kingine bila kuuliza kitu. Wa tatu alikuja baadaye, Sebastiani, mtu wa Songea aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Yeye alifika baada ya misa, mikono mifukoni, akasimama kando na kutangaza kwamba wanapoteza muda wao kwa Mskoti wakati duniani kuna Wajerumani.

Ndivyo walivyokuwa. Kila mmoja alikuwa na taifa lake. Iddi alikuwa mtu wa Leyland. Alisema hakuna injini nyingine inayomsamehe fundi mjinga. Sebastiani alimtukuza Magirus, lori lisilo na maji, linalopozwa na upepo, na Iddi alizoea kumwambia kwamba lori lisilo na maji ni pikipiki iliyonenepa. Zebedayo hakubishana sana. Yeye alikuwa na Albion.

Walikuwa na mchezo wao. Waliketi juu ya taruma kuukuu la reli, wamegeuzia mgongo barabara kuu, wakasikiliza malori yanayotoka Moshi na yanayopanda kutoka Tanga. Ilikatazwa kugeuka. Kila mmoja alitaja lori kwa mlio wake kabla halijapita, na aliyekosea alikwenda kuleta chai kwenye mgahawa wa stesheni. Zebedayo alileta chai mara chache mno. Alikuwa akilitambua Fiat kutoka mbali kwa jinsi linavyolalamika likibadilisha gia, Benzi kwa utulivu wake, na AEC kwa mngurumo wa chini unaosikika kwenye taruma kabla haujafika masikioni.

"Msabato huyu anasikia kwa makalio," Sebastiani alisema siku moja, akienda kuleta chai kwa mara nyingine.

Kutoka kufuta vumbi walifika kwenye kufungua. Iddi alisafisha nozeli, Sebastiani alileta vipande vya shaba kutoka karakana ya reli, Zebedayo akaziba rejeta na kushona viti. Pampu ya dizeli hawakuigusa. Ilikuwa bado na risasi ya kiwandani, ule waya wenye lakiri unaoonyesha kwamba haijafunguliwa na mtu tangu ilipotoka Ulaya, na Iddi alisema mtu anayefungua kitu kama hicho bila sababu hana tofauti na anayefukua kaburi. Mwaka 1974, mwezi wa Julai, waliazima betri ya Fiat, wakatoa upepo kwenye mipira ya mafuta, wakapiga stata. Albion likakohoa moshi mweusi, likatikisika, likashika. Sebastiani ndiye aliyevua kofia.

Meneja alipoletwa kuliona alicheka, lakini alipendezwa. Alisema makao makuu yanamsumbua auze vyuma chakavu vyote vya yadi, na hilo lori limo. Ila kama litaweza kutembea lenyewe kwenye maandamano ya Siku ya Uhuru, tarehe tisa Desemba, mbele ya wakubwa wa wilaya, atakuwa na sababu ya kulibakiza. Ataliweka langoni, lipakwe rangi, watu waone shamba lilikotoka. Kama halitembei, basi ni chuma.

Ndivyo hali ilivyokuwa walipokuja watu wa Suji.

*

Suji nako kulikuwa na Albion. Chama cha ushirika kilikuwa kimelinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Moshi, la umbo lile lile na injini ile ile, na lilikuwa likishusha kahawa na maharage hadi Makanya kwenye reli na kupandisha chumvi, sabuni, mabati na wagonjwa waliotoka hospitali. Barabara ya kupanda Suji imejaa kona na sehemu nyingi gari mbili hazipishani, kwa hiyo watu wa kule juu walikuwa na desturi ya kulisikiliza lori tangu likiwa bondeni. Mwanamke aliyekuwa shambani alijua kwa mlio kwamba lori limefika kona ya tatu, na kwamba ana muda wa kufunga gunia lake na kulifikisha barabarani. Hakuna aliyekuwa na saa, na hakuna aliyechelewa.

Mwaka ule mvua zilikuwa zimekosa. Kule juu ndizi zilinyauka, mahindi hayakutoa kitu, na serikali ikaanza kuleta unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Uliletwa kwa treni mpaka Makanya. Katikati ya Septemba, wakati unga ndio umeanza kuja kwa wingi, pampu ya lori la Suji ilikufa. Moshi spea hakuna. Tanga hakuna. Dar es Salaam waliambiwa wasubiri meli, hakuna aliyejua meli gani.

Siku ya Alhamisi, Tumainieli, dereva wa lori la Suji, alishuka Same pamoja na mwenyekiti wa chama. Tumainieli ni mtoto wa ndugu ya baba yake Zebedayo, na Zebedayo ndiye aliyemfundisha kuendesha, katika lori hili hili, kwenye barabara za ndani ya mkonge. Walikwenda kwanza kwa meneja. Meneja hakuwa na kipingamizi. Aliwaambia kama pampu ni nzima waing'oe waende nayo, watu hawawezi kulala njaa kwa ajili ya maandamano. Wamuulize Zebedayo, yeye ndiye anayelijua.

Zebedayo alikuwa chini ya Fiat. Alitoka, akamwamkia mwenyekiti, akapokea shikamoo ya Tumainieli, wakaenda wote hadi bandani. Iddi alikuwa pale anaosha spana katika bakuli la dizeli.

Tumainieli aliweka mkono juu ya boneti. "Kaka, pampu ya mzee huyu bado ina uhai?"

Baadaye Zebedayo alijaribu mara nyingi kukumbuka kama aliwaza chochote kabla ya kujibu. Hakumbuki. Anachokumbuka ni mkono wa Tumainieli juu ya ile rangi waliyoisugua wiki nzima.

"Imekufa," alisema. "Imeshika kutu ndani. Ukiifungua utakuta unga mtupu."

"Hata ya kujaribu?"

"Utapoteza siku yako."

Tumainieli hakuuliza tena, wala hakuinua boneti. Angeinua, angeona. Lakini mtu aliyekufundisha gia humkagui. Mwenyekiti alishukuru kwa muda wao, wakaondoka kuwahi treni. Iddi aliendelea kuosha spana ile ile mpaka walipotoka langoni.

"Umesema," alisema.

"Nimesema."

Sebastiani aliposimuliwa Jumapili alicheka kwanza, kisha akaacha. Alisema yeye siku hiyo alikuwa kazini na wasimtie kwenye maungamo yao, ana yake yanamtosha.

*

Kwa muda fulani Zebedayo alijipatia hoja. Pampu ya Uskoti inaweza kupatikana. Meli zinakuja kila siku. Unga ungeweza kupandishwa na gari la wilaya, na kweli gari la wilaya lilipanda mara moja, likavunja springi kwenye kona na halikurudi tena. Chama kilikuwa na wanaume wenye nguvu. Hata hoja hizi zilikuwa na ubaya wake, kwamba kila moja ilimlazimu kuufikiria mlima.

Kisha akaanza kuwaona. Njia yake ya Fiat ilipita Makanya, na pale, kwenye njia panda ya Suji, walikuwa wanakaa wanawake na wanaume wa kwao juu ya mifuko ya unga, wanapumzika kabla ya kuanza kupanda. Wengine aliwajua kwa majina na kwa majina ya watoto wao. Walimpungia. Mara ya kwanza alisimama, akawauliza hali, wakamweleza bila kulalamika, kama watu wanavyoeleza mvua: mfuko mmoja hugawanywa kwa watu wawili, wenye nguvu wanatumia siku moja, wazee wanalala njiani. Walimuuliza kama ile Fiat inaweza kupanda. Akasema haiwezi, ni ndefu mno kwa zile kona, na hilo lilikuwa kweli. Lilikuwa ndilo jambo pekee la kweli alilowaambia. Mara ya pili alipiga honi tu akapita. Baada ya hapo, akikaribia Makanya, alikuwa akiangalia kioo cha upande wa reli ili asiwaone.

Aliacha kwenda nyumbani. Zamani alikuwa akipanda Suji Sabato moja kila mwezi, akafikia kwa shangazi yake Rahabu, dada wa baba yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Sasa alituma salamu kwamba kazi ni nyingi. Mkewe alimuuliza tangu lini shamba linafanya kazi siku ya Sabato, naye akasema wakati umebadilika.

Kwenye taruma la reli alianza kukosea. Alitaja Leyland, likapita Benzi. Sebastiani alimtazama akienda kuleta chai na hakumtania.

Na bado walikuwa wakiliwasha. Hapo ndipo mtu mwingine angejiuliza mara mbili. Mwizi wa kawaida huficha alichoiba. Lakini watu hawa watatu hawakuweza kuacha injini nzima ikae bila kuzungushwa. Iddi alisema mafuta yatashuka, mipira itakauka, watairudisha nyuma kazi ya miezi mitatu. Waliacha Jumapili mbili. Ya tatu wakaazima betri. Kila Jumapili tangu hapo Albion lililokufa liliunguruma nyuma ya yadi, karibu na reli, hatua chache kutoka kwenye njia ambayo kila mtu anayetoka stesheni kwenda hospitali ya Same lazima apite.

*

Rahabu alipita njia hiyo Jumapili ya pili ya Novemba.

Alikuwa ameanguka kwenye kona, na unga kichwani, wiki mbili kabla. Mguu ulivimba, akaukanda kwa maji ya chumvi, ukakataa. Ndugu walimshusha taratibu hadi Makanya, akapanda treni peke yake, kwa sababu hakutaka mtu mwingine apoteze siku. Hospitali walimfunga bendeji na kumwambia apumzike. Sasa alikuwa anarudi stesheni.

Zebedayo alikuwa ndani ya kebini, mguu juu ya pedali ya mafuta, anasikiliza. Iddi alimgusa goti na kuonyesha kwa kidevu. Nje ya uzio wa waya, juu ya jiwe, alikuwa amekaa mama mzee, kanga imefungwa kichwani, mguu mmoja umenyooshwa mbele, uso umeelekezwa bandani. Alikuwa anatabasamu.

Zebedayo alizima injini, akatoka mbio.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona umelizima? Ungeliacha nilisikie."

Alimwinua, akamwingiza yadini, Iddi akaleta kiti na kumwamkia. Zebedayo alimuuliza habari za mguu, akajibiwa kwa kifupi kwamba mguu ni mguu. Yeye alikuwa na jambo lake na alitaka kulisema.

"Nimelisikia tangu kule hospitali. Nikasimama. Nikasema, hili si gari jingine, hili ni Albion. Ndipo nikajua umetutengenezea ile pampu."

Rahabu aliendelea, anamweleza Iddi sasa, maana alimwona ni mtu mzima na mstaarabu. Alisema Tumainieli alirudi na habari kwamba pampu ya huku imekufa, na watu wakakata tamaa, lakini yeye aliwaambia wasikate. Huyu mtoto amemlea yeye. Akiwa mdogo hakuweza hata kuacha kuku mgonjwa. Alikuwa analala naye. Aliwaambia, kama kitu hicho kimekufa mkononi mwa Zebedayo, basi atakihangaikia mpaka kirudi. Wakamwona anajifariji.

Iddi alimtazama Zebedayo. Zebedayo alijua kwamba anatazamwa, na kwamba sentensi moja ingetosha. Alifungua mdomo kwa ajili ya sentensi hiyo.

"Ndiyo, shangazi," alisema. "Imekubali."

"Unaileta lini?"

"Wiki hii."

Rahabu alimshika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, akafumba macho, akaomba pale pale, kwa Chasu, lugha ya kwao, maombi mafupi. Kisha akasema treni itamwacha.

*

Sebastiani alifika walipokuwa wameketi kwenye taruma lao. Aliposikia yote aliketi kando yao na kutoa hukumu yake kwa utulivu. Kwa maoni yake, Zebedayo alikuwa ameponea. Mama amemfungulia mlango, apite. Apeleke pampu, apokee asante, arudi kazini. Hakuna aliyeumia zaidi ya alivyokwisha kuumia, na hakuna atakayejua.

"Na Desemba?" Iddi aliuliza.

"Desemba tutatazama magari ya watu."

"Miezi mitatu, Seba. Mikono yangu hii."

"Mikono yako inarudi Leyland, huko unakokupenda."

Iddi hakucheka. Alimgeukia Zebedayo na kusema jambo ambalo lilikuwa limemkaa tangu Septemba: siku ile, kama Zebedayo angesema pampu ni nzima, yeye angeing'oa mwenyewe, kwa uchungu, lakini angeing'oa. Alinyamaza kwa sababu Zebedayo ni mwenyeji, wale ni ndugu zake, na yeye ni mtu wa kuja; alifikiri labda kuna jambo la kifamilia asilolijua.

"Hakukuwa na jambo," Zebedayo alisema.

"Nimeshaona."

Jumanne jioni, baada ya kazi, waliing'oa wote wawili. Iddi alichomoa mipira ya mafuta, Zebedayo akafungua nati. Pampu ilitoka safi, nzito, na lakiri yake ya kiwandani ikining'inia kwenye waya. Waliifunga ndani ya gunia lenye grisi. Asubuhi Zebedayo alimwendea meneja kumwomba ruhusa ya siku chache na kumweleza kwamba pampu imeonekana inafaa. Meneja alimtazama kwa muda mfupi kuliko alivyotarajia. Alisema vizuri, kama ni hivyo atawaambia watu wa chuma chakavu waje Jumatatu.

*

Alipanda Suji Alhamisi, kwa miguu, gunia begani. Hapakuwa na njia nyingine.

Tangu Makanya alijikuta katika msafara wa watu wenye unga. Alikuwa amejiandaa kwa ajili ya kupanda. Hakuwa amejiandaa kwa ajili ya kupishwa. Walimwona na gunia lake, wakajua. Rahabu alikuwa amekwisha kupita na habari. Watu walisogea kando ili atangulie, na kila aliyempita alimwambia asante, wengine kwa mkono kwa sababu shingo zilikuwa na kazi. Dorkas, mwanamke wa rika lake aliyesoma naye, mwenye ulimi, alimfuata kwa hatua kadhaa.

"Mchome, tubadilishane. Nipe hicho chuma chako, wewe beba huu unga wa Wamarekani, unanuka kama kuku."

"Ni kizito, Dorkas."

"Kizito kinachotupumzisha si kizito. Shangazi yako ametueleza kanisani jana jioni. Tumelia wote."

Alimuuliza amewaeleza nini. Dorkas alisema, kwenye ibada ya maombi ya Jumatano, Rahabu alijikokota na mguu wake mpaka mbele na kutoa ushuhuda. Alisema Mungu amefufua kitu kilichokufa kwa mikono ya mtoto wake, na kwamba alikisikia kwa masikio yake mwenyewe. Mzee wa kanisa alisema Sabato watamshukuru Zebedayo mbele ya watu, kama atakuwepo.

Kuanzia hapo alipanda taratibu zaidi.

Tumainieli alikuwa ameliegesha lori kando ya ghala la chama, juu ya mawe, na alikuwa amesafisha kila sehemu ambayo pampu ingekaa. Walianza kazi Ijumaa asubuhi, kwa haraka, maana jua likizama Sabato imeingia na hakuna spana itakayoguswa. Walizungumza maneno ya kazi tu. Tumainieli alipoifungua pampu kwenye gunia aliigeuza mwangani, akaipangusa kwa kidole, kidole kikasimama kwenye ule waya.

"Kaka. Hii haijafunguliwa."

"Haijafunguliwa."

Tumainieli aliiweka mahali pake, akalinganisha alama, akaanza kukaza nati ya kwanza. Alikaza ya pili. Alikuwa na tabia ya kupiga mluzi akifanya kazi, na mluzi haukuwepo.

"Mimi ni dereva," alisema, bila kuinua kichwa. "Nimepanda mlima huu na unga kichwani mbele ya abiria wangu." Akakaza ya tatu. "Mimi sitasema kitu. Hayo ni yako. Lakini shangazi ameshasimama kanisani. Toa upepo, tuwashe."

Liliwaka alasiri. Mlio ulishuka bondeni, ukarudi kutoka upande wa pili, na kutoka mashambani kote watu waliitikia, wengine kwa vigelegele, wengine kwa kugonga majembe. Zebedayo alisimama nyuma ya ghala, mikono imejaa dizeli, akaisikiliza injini kama alivyozoea kuzisikiliza. Ilikuwa inapiga vizuri sana. Alijua ile ya Same, ndani ya banda lake, haitapiga tena, na alishangaa kwamba jambo hilo, alilolihofia kuliko yote tangu Septemba, sasa halikumuuma kama mguu wa Rahabu.

*

Alimkuta Rahabu jikoni, ameweka mguu juu ya kigoda, anapika mapema ili moto usiwashwe siku ya Sabato. Alimkaribisha, akamwambia akae, akampa maji ya kunawa. Alikuwa na furaha ambayo alikuwa anajitahidi kuizuia, kwa kuwa mtu mzima.

Zebedayo hakunawa. Alimwambia ana neno la kusema, aweke chini mwiko kidogo. Kisha akamweleza, kwa mpangilio, kama mtu anayemweleza fundi gari lilivyoharibika: Tumainieli alikuja, akauliza, pampu ilikuwa nzima, yeye alisema imekufa, hakuitengeneza, hakuigusa. Alisema imekufa kwa sababu walikuwa wanalitaka lile lori liishi, yeye na marafiki zake. Na siku ile kwenye yadi alimdanganya tena.

Rahabu alisikiliza mpaka mwisho. Ugali wa njano uliungua kidogo, akausogeza.

"Kwa hiyo ilikuwa inalia wakati wote," alisema.

"Ndiyo, shangazi."

"Siku nilipoanguka?"

"Ndiyo."

Nje watoto walikuwa wanapiga kelele kuzunguka lori. Zebedayo alitamani amtukane, kwa sababu tusi lina mwisho. Rahabu alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ile aliyokuwa akiitumia zamani kumwambia akachote maji.

"Mguu ni wangu, nitaubeba. Huo nimekusamehe, usiutaje tena. Lakini mimi nilisimama mbele ya Mungu na mbele ya watu, nikatoa ushuhuda wa uongo. Sikujua, lakini mdomo ni huu. Nani ataurudisha ushuhuda huo?"

"Nitakwenda kwa mzee wa kanisa kesho asubuhi, kabla ya ibada. Nitamwambia asinishukuru."

"Huyo ni mtu mmoja. Mimi sikumwambia mtu mmoja."

Akachukua mwiko, akapakua, akamwekea chakula chake kama kawaida, naye akala kwa sababu alikuwa akitazamwa. Jua lilikuwa linagusa mlima. Tumainieli aliizima injini kabla halijazama.

Asubuhi ya Sabato walikwenda kanisani pamoja, polepole, Rahabu ameegemea bega lake. Baada ya shule ya Sabato na kabla ya mahubiri, mzee wa kanisa alimwita Zebedayo Mchome mbele ili kanisa limshukuru, naye akaenda, na alipofika aliomba aseme kwanza.